Asali, siki na mwarobaini kwa fangasi wa kichwa: tathmini kutoka Kisumu

Soko la Kibuye hapa Kisumu, hasa Jumapili linapofurika hadi kando ya barabara, lina karibu kila kitu ambacho mtu anayewashwa na kichwa huambiwa apake: majani ya mwarobaini yaliyokaushwa, shubiri mbichi, vitunguu saumu, ndimu, asali iliyotiwa kwenye chupa za soda, na mafuta ya rangi mbalimbali ambayo muuzaji huyasifu kwa ugonjwa wowote utakaoutaja. Siki ya tufaha na mafuta ya mti wa chai hupatikana katika supamaketi na maduka ya vipodozi ya mjini. Tathmini hii ni ya vitu hivyo, kama vilivyotumika nyumbani kwetu kwa vichwa viwili: changu, ambacho kimesumbuliwa na mba ya kuwasha kwa miaka mingi, na cha mpwa wangu wa darasa la pili, aliyefika likizo akiwa na mapunye. Hukumu naitoa mapema kwa asiye na muda wa kusoma yote. Kwa mba, baadhi ya tiba hizi zinasaidia kweli, na moja ilinishangaza. Kwa mapunye, hakuna hata moja iliyofaa, na sababu yake inatokana na mahali fangasi wenyewe wanapojificha.

Ni lazima kwanza kutenganisha magonjwa haya mawili, kwa kuwa sifa nyingi za uongo zinazozunguka dawa za nyumbani hutokana na kuyachanganya. Mba husababishwa kwa sehemu kubwa na fangasi wa jamii ya hamira anayeitwa Malassezia, kwa jina la Louis-Charles Malassez, mwanasayansi Mfaransa aliyemchunguza katika magamba ya ngozi mwaka 1874. Fangasi huyu huishi juu ya ngozi ya karibu kila mtu mzima na kwa kawaida hana ugomvi na mwenyeji wake, ila chakula chake ni mafuta yanayotolewa na ngozi, na mabaki ya mlo huo huichokoza ngozi ya wale ambao miili yao haiyavumilii. Kwa hiyo mba haiambukizwi kwa kofia wala kwa kitana, huzidi mtu anapochoka au kuwa na mawazo mengi, na haiponi moja kwa moja: unaituliza leo, na ukiiacha itarudi baada ya muda.

Mapunye, ambayo hapa wengi huyaita mashilingi, ni habari nyingine kabisa. Nilimketisha mpwa wangu mlangoni penye mwanga wa asubuhi nikampekua kichwa kwa vidole. Juu ya sikio la kushoto palikuwa na baka lenye upana wa sarafu ya shilingi kumi, kijivu na kavu kana kwamba limenyunyiziwa majivu, na ndani yake nywele zilikuwa zimekatika usawa wa ngozi, zikaacha vidoadoa vyeusi. Nyuma ya shingo niligusa tezi mbili ndogo zilizovimba. Hakuwa akijikuna sana, jambo ambalo huwapumbaza wazazi wengi, kwa maana wanadhani pasipo na muwasho hapana ugonjwa. Vidoadoa vile ndivyo vinavyoeleza yote. Fangasi wa mapunye, ambaye katika Afrika Mashariki mara nyingi huwa ni Trichophyton violaceum, huingia ndani ya unywele wenyewe na kuudhoofisha hadi ukatike. Chochote unachopaka juu, kiwe cha bei kubwa au cha bure, hakifiki huko chini ndani ya kinyweleo alikojichimbia. Huambukiza watoto zaidi kuliko watu wazima, na hupita kwa vitana, kofia, mito, mashine za kinyozi na vichwa vinavyogusana darasani.

Sasa nizigeukie dawa zenyewe, nikianza na ile iliyonishangaza, yaani asali. Nilikuwa naidharau, kwa kudhani kwamba kitu kitamu hakiwezi kuwa adui wa fangasi, hadi niliposoma kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ambao ulihusisha wagonjwa 30 wenye mba kali ya muda mrefu. Walipakwa asali mbichi iliyozimuliwa kidogo kwa maji ya uvuguvugu, kiasi kwamba tisa ya kumi ilibaki asali, wakasuguliwa taratibu kwa dakika mbili au tatu, wakakaa nayo saa tatu kisha wakaosha, siku moja wakipaka na siku inayofuata wakipumzika, kwa majuma manne. Muwasho na magamba vilipungua ndani ya juma la kwanza. Baadaye nusu yao waliendelea kupaka mara moja kwa juma kwa miezi sita na hawakurudiwa na ugonjwa, ilhali wengi wa walioacha walirudiwa. Utafiti ule una kasoro yake, kwa sababu katika majuma manne ya mwanzo wote walipakwa asali na hapakuwa na kundi la kulinganisha, lakini kwangu uliendana na nilichokiona.

Asali niliyotumia ilikuwa ya Baringo, iliyonunuliwa na ndugu yangu barabarani karibu na Nakuru, nyeusi kiasi na yenye harufu ya moshi. Ubora una maana hapa, kwani iliyochanganywa na maji ya sukari haina nguvu ile ile na itakuachia kazi ya kujiosha tu. Muwasho ulitulia upesi kuliko nilivyotarajia, na magamba yaliyokuwa yakimwagika mabegani mwa shati yakalainika yakatoka wakati wa kuosha. Shida ni matumizi yake. Katika joto la Kisumu asali haikai kichwani. Hutiririka kwenye shingo na nyuma ya masikio, na mto wa kulalia hauwezi kunusurika, hivyo ni lazima ufunge kofia ya plastiki na kukaa wima kama mtu anayengoja abiria. Mwenye nywele ndefu au aliyesuka atatumia nusu ya chupa kwa mara moja, na hapo gharama inapita ile ya shampuu ya dukani. Kwa mtu mwenye nywele fupi na jioni isiyo na wageni, naipa alama saba kwa kumi.

Mafuta ya mti wa chai nayaweka nafasi ya pili, na pengine yangekuwa ya kwanza kama yasingekuwa na hatari ya kutumiwa vibaya. Mti huo ni wa Australia na hauna undugu wowote na chai ya Kericho na Nandi. Huko Australia mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa watu 126 wenye mba, ambapo waliotumia shampuu yenye asilimia 5 ya mafuta hayo kila siku kwa majuma manne walipata nafuu ya asilimia 41, na waliotumia shampuu tupu nafuu yao ilikuwa asilimia 11. Nafuu hiyo ni ya kweli, ila kwa wengi si kupona kabisa. Kipimo hicho nyumbani ni sawa na kijiko kimoja kidogo cha chai cha mafuta ndani ya shampuu ya mililita mia moja, ukaitikisa vizuri na kuiacha kichwani dakika tatu kabla ya kusuuza. Wanaoyapaka yakiwa matupu, kama wauzaji wengine wanavyoelekeza, huishia na ngozi nyekundu inayowasha kuliko mwanzo. Chupa iliyokaa wazi muda mrefu nayo huongeza uwezekano wa mzio, na yakimezwa na mtoto ni sumu, kwa hiyo hayafai kukaa kwenye rafu moja na dawa ya kikohozi.

Siki ya tufaha ndiyo inayosifiwa kuliko zote, na kwa maoni yangu inasifiwa kupita stahili yake. Ina takriban asilimia 5 ya asidi, ambayo huyeyusha mabaki ya mafuta na sabuni na kufanya nywele zing'ae, na kwa sababu hiyo mtumiaji hujiona amepona siku ile ile. Nilipoizimua, sehemu moja ya siki kwa sehemu nyingi za maji, nikapata wepesi wa kichwa kwa siku moja na harufu ya kachumbari kwa siku mbili. Muwasho ulirudi kama kawaida. Aliyejikuna hadi akachubuka asiithubutu, maana huchoma, na ikipakwa bila kuzimuliwa inaweza kuunguza ngozi kabisa.

Shubiri ni ya upole na haigharimu kitu kwa mwenye mche uani. Ile nyama yake ya ndani inayoteleza hupoza ngozi iliyochokozwa, na kwa hilo naisifu, lakini ule utomvu wa manjano unaotoka chini ya ganda huwasha wenye ngozi nyepesi. Simamisha jani lililokatwa kwenye kikombe hadi utomvu uishe kudondoka, ndipo ulimenye. Usitegemee zaidi ya kupoza.

Kuhusu mwarobaini nina maneno zaidi, kwa sababu ndio unaouzwa kwa kujiamini kupita kiasi. Mama mmoja pale sokoni alinionyesha chupa ya soda iliyojaa maji ya kijani kibichi, isiyo na karatasi ya maelezo, iliyozibwa kwa mfuko wa plastiki uliokunjwa. Nikamuuliza, “Mama, hii ni ya mba au ya mapunye?” Akanijibu bila kusita, “Ni ya yote, mwanangu. Hata ya tumbo.” Dondoo za mwarobaini huzuia fangasi wa aina kadhaa katika maabara, hilo halina ubishi, ila bakuli la maabara na kichwa cha mtu vina tofauti kubwa, na dawa ya kuchemshwa nyumbani haina kipimo kinachojulikana. Maji ya majani niliyoyachemsha mwenyewe yalipunguza muwasho kiasi, nikaridhika nayo kama maji ya kusuuzia. Kinachonitia hofu ni lile shauri la kunywa. Mafuta ya mwarobaini yamewahi kuwatia watoto wadogo degedege na kuwadhuru vibaya yalipomezwa, na muuzaji anayekuambia umpe mtoto kijiko kimoja hatakuwepo usiku huo.

Mafuta ya nazi na ya zeituni yanahitaji tahadhari ambayo wauzaji hawaisemi kamwe. Yanalainisha magamba, na kichwa hung'aa, lakini Malassezia hula asidi za mafuta, na wataalamu wanaowakuza fangasi hao maabara huwawekea mafuta ya zeituni kama chakula chao. Mwenye mba anayepaka mafuta hayo jioni na kuyaacha hadi asubuhi anaweza kuwa anamwandalia mgeni wake karamu. Ukitaka kulainisha magamba magumu, paka, subiri kidogo, kisha osha yote kwa shampuu. Mafuta mazito ya mgando yanayotokana na petroliamu hayana lishe kwa fangasi huyu, na kwa ukavu wa kawaida wa ngozi ni afadhali hayo.

Kitunguu saumu kibichi, ndimu, spiriti, mafuta ya taa na maji ya klorini ya kufulia sizipi alama yoyote. Kitunguu saumu kilichopondwa na kufungiwa huacha majeraha ya kuungua. Ndimu ikipakwa kisha mtu akatoka juani hutia ngozi malengelenge na madoa meusi yanayodumu. Mafuta ya taa ni sumu na yanashika moto, na inasikitisha kwamba bado kuna watu wanaowapaka watoto.

Ili tathmini iwe ya haki, nililinganisha vitu hivi na dawa ya duka la dawa. Shampuu yenye asilimia 2 ya ketokonazoli, dawa ya kuua fangasi, ikitumiwa mara mbili kwa juma na kuachwa kichwani dakika tatu hadi tano kabla ya kusuuza, kwa majuma mawili hadi manne, ilinifanyia zaidi ya chochote nilichonunua Kibuye, na bila kuchafua mto. Zipo pia zenye seleni salfaidi au zinki pirithioni, ambazo si dhaifu. Kosa la wengi ni kuipaka na kuisuuza papo hapo, kama sabuni, kabla dawa haijapata nafasi ya kufanya kazi, kisha wakalalamika kwamba ni ya bandia. Mba ikishatulia, kuosha mara moja kila baada ya juma moja au mawili huizuia isirudi. Chupa ni ndogo na bei yake humfanya mtu asite, ila kwa mwenye nywele fupi inadumu, na ukipiga hesabu ya asali, siki na mafuta niliyoyanunua, ndiyo iliyokuwa rahisi.

Duka moja la dawa, ambalo sitalitaja, lilitaka kuniuzia badala yake tyubu ya krimu yenye dawa tatu ndani yake, ya fangasi, ya bakteria na ya steroidi kali, bila hata kuniuliza ni kichwa cha nani. Krimu hizo hupunguza wekundu na muwasho kwa siku chache, na ndiyo maana zinapendwa, lakini steroidi hulegeza ulinzi wa ngozi, fangasi akasambaa chini kwa chini huku sura ya ugonjwa ikibadilika hata daktari akashindwa kuutambua. Nilimwambia muuzaji, “Asante daktari, nitarudi,” nikaondoka.

Kwa mpwa wangu hadithi ilikuwa fupi. Jirani alipendekeza mafuta machafu ya gari, mwingine maji ya betri, na shangazi yake mmoja alikuwa amekwisha kumpaka kitunguu saumu kabla hajatufikia. Hata shampuu ya ketokonazoli haiponyi mapunye ikiwa peke yake. Kazi yake ni kupunguza vimelea vinavyodondoka ili ndugu zake wasiambukizwe, na kwa hiyo watoto wote wa nyumba ile waliosha nayo. Kinachoponya ni vidonge. Griseofulvini imekuwa ikitumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na bado ni dawa ya kutegemewa, dozi ikipimwa kwa kilo za mtoto na kunywewa kwa majuma sita hadi manane, wakati mwingine zaidi. Huingia mwilini vizuri zaidi ikinywewa na chakula chenye mafuta, na kwetu hilo lilikuwa jepesi: maziwa mazima, parachichi, au omena wa kukaanga. Terbinafini huchukua muda mfupi zaidi, takriban majuma manne, na huwaweza vizuri fangasi wa jamii ya Trichophyton, ilhali griseofulvini ni bora kwa wale wa Microsporum, ambao baadhi yao hutoka kwa paka. Ndiyo sababu ni vyema maabara ikwangue magamba na vipande vya nywele na kuvitazama kwa darubini kabla ya kuanza. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wakazi wengi bado huiita Russia, na hospitali za kaunti ndipo mahali pa kuulizia, wala si kwenye meza ya sokoni. Mtoto akishaanza dawa hana haja ya kukaa nyumbani akikosa masomo.

Vidonge vya ketokonazoli, tofauti na shampuu yake, havifai kukubaliwa. Mwaka 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani zilitoa onyo kali kuhusu madhara yake kwenye ini, na Ulaya ikashauri visitumike tena kwa fangasi. Ukiandikiwa, uliza kuna sababu gani. Griseofulvini nayo haimfai mjamzito, na hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi.

Kuna dalili ambazo hazivumilii majaribio ya jikoni hata siku moja. Baka likivimba likawa bonge laini lenye usaha na maumivu, usilipasue wala usilikande kwa maji moto, kwa sababu hayo ni mapunye yaliyochachamaa na yanahitaji vidonge haraka, la sivyo huacha kovu lisiloota nywele tena. Mba inayoshuka usoni na kifuani kwa ukali usio wa kawaida kwa mtu mzima ni sababu ya kumwona daktari, ambaye huenda akashauri kipimo cha VVU, kwa kuwa hali hiyo huwapata zaidi wenye virusi hivyo. Na si kila kichwa kinachowasha kina fangasi. Chawa, rangi ya nywele, dawa ya kulainishia nywele, na ugonjwa wa soriasisi huwasha vile vile, na hapo asali yote ya Baringo haitasaidia.

Lililobaki ni vifaa. Vitana na brashi tulivichemsha vilivyoweza kuchemshwa na kuvitupa vilivyobaki, foronya zikafuliwa kwa maji moto, na kofia ya shule ikanunuliwa upya. Helmeti ya abiria wa bodaboda ni hatari nisiyoiwezea sana, ila kitambaa chembamba kichwani kabla ya kuivaa husaidia kidogo. Kwa kinyozi, kupangusa mashine kwa spiriti hakutoi nywele zilizonasa katikati ya meno yake, na humo ndimo fangasi hubaki. Kinyozi wetu wa Kondele hakukasirika tulipompelekea mashine yetu wenyewe. Alichoomba ni kwamba tuje nayo ikiwa imechajiwa, kwa sababu stima pale kwake hupotea bila taarifa.